Wenye Jina Lile

Mjomba wangu alikuwa fundi wa kuandika mabango, na ujanani kazi yake kubwa ilikuwa kuandika jina lake mwenyewe. Si majivuno. Wenye jina lile walijaa mtaani kwetu kama nzi kwenye bucha. Duka la dawa lilikuwa lao, gereji yao, mashine ya kusaga yao, kinyozi, fundi saa, hata muuza majeneza. Wala hawakuwa wote ndugu wa kula sahani moja. Wengine walijuana kwa harusi na misiba tu, lakini ukifuatilia sana unakuta babu zao walitoka mlango mmoja. Watu walikuwa wakisema, rusha jiwe sokoni, ukimkosa mwenye jina lile umempata mkwewe.

Aliliandika kwa herufi za manjano zenye kivuli cheusi ubavuni, na hakuhitaji kupiga mistari ya chaki kama kwa majina mengine. Alisema mkono wake unalijua jina lile kuliko unavyoijua njia ya kwenda mdomoni. Yeye mwenyewe tulimwita Brashi, maana kumwita kwa jina la ukoo kungegeuza vichwa vya nusu ya mtaa. Shuleni nako vichekesho. Mwalimu akiita jina lile, safu nzima inasimama, basi ikabidi awape majina ya kuwatofautisha: Mrefu, Meno, Wa Gereji. Mama yangu, dada wa pekee wa Mjomba, aliitwa Kimya, na aliyembandika jina hilo bila shaka hakuwahi kukaa naye nyumba moja.

Mimi jina lile si langu. Mama aliolewa, nikachukua jina la baba, jina la kawaida ambalo halijawahi kumtia mtu hofu. La kwao Mama alikataza lisitajwe ndani ya nyumba, na mdomo ukishazoea umezoea, kwa hiyo hata hapa silitaji. Alikataza kwa sababu wenye jina lile walikuwa wanaanguka.

Nikisema kuanguka sina maana ya kuugua. Mtu hakuugua. Mtu mzima, kifua kipana kama mlango, ameamka vizuri, amekula ameshiba, anafungua nati ya tairi, mara yuko chini na ndiyo imetoka. Fundi saa alianguka akicheza harusini. Kinyozi alianguka mashine ikiwa bado inanguruma mkononi, na mteja wake akaenda kuzika akiwa amenyolewa upande mmoja. Tulicheka habari ya kile kichwa kwa miaka. Tulicheka kwa sababu kulia kulikuwa kumetuchosha.

Sasa, mtaa ulikuwa na adabu yake juu ya jambo hili, na hakuna aliyewahi kuifundisha kwa maneno. Sokoni, mwenye jina lile hakupandishwa ngazi na gunia. Atapewa kushona midomo ya magunia au kukaa kwenye kiti cha mizani. Kocha wa mpira alimtoa kabla ya mapumziko hata kama amefunga mabao. Watoto hawakuruhusiwa kumshtua mwenye jina lile nyuma ya mlango, na aliyethubutu alichapwa na mama yeyote aliyekuwa karibu. Mjomba akiandika bango la juu, alipanda vipandio vitatu vya ngazi, anakaa, anapiga mluzi, anaangalia watu wanaopita, kisha anapanda tena. Mteja hakumharakisha. Akiwa mgeni na anataka kufoka, jirani anamnong'oneza jina la fundi, naye anafyata.

Mwenye duka la dawa ndiye aliyegeuza mambo. Masika moja alizika kaka, akazika na mtoto wake wa kwanza, kijana wa kidato cha mwisho aliyeanguka akifukuzia mpira. Huzuni ikamtia wazimu wa aina yake. Akasema kifo kinaita watu kwa jina, kama mwalimu, na asiyekuwa na jina lile hatasimama. Akawabadilisha watoto waliobaki wote, wakachukua jina la babu yao mzaa mama. Miaka ikapita, hakuna aliyeanguka. Watu hawakuuliza zaidi ya hapo.

Ilikuwa kama moto wa nyasi. Wa gereji akabadilisha, wa mashine akabadilisha, na kila aliyebadilisha alimwita Mjomba aje afute bango. Basi yule yule aliyeliandika jina ndiye akazunguka nalo akilifuta, na kopo la rangi ya kijivu. Kufa kufaana, alisema, na akacheka, lakini nilimwona akiosha brashi kwa tapentaini mpaka vidole vikachubuka. Saluni yangu ilikuwa ghorofani ng'ambo ya karakana yake, mimi ni msusi, na dirishani nilikuwa naona mtaa mzima. Siku moja nilitazama kote nikaona jina lile limebaki sehemu mbili tu: kwenye mlango wa Mjomba, na kwa muuza majeneza, ambaye alisema yeye na kifo ni washirika, hawawezi kugombana.

Na pale shuleni? Mwalimu akiita, walisimama wawili. Baadaye mmoja. Baadaye ukoo ule ukasahaulika, watoto wa siku hizi ukiwatajia wanadhani ni jina la dawa ya mende.

Ila jina lilipoondoka liliondoka na ile adabu. Nani sasa angejua ni yupi wa kutuliwa gunia? Kocha angemtoa nani uwanjani? Wenye gereji wakaanguka na jina lao jipya, tukasema presha. Mmoja wa mashine akaanguka, tukasema alikuwa mnywaji. Kila msiba ulikuja na jina lake, peke yake, na hakuna aliyeuweka karibu na mwingine. Tulikuwa tunaambizana, na mimi nikiwa mstari wa mbele, kwamba kuanguka kumekwisha.

Mama alifia jikoni kwangu. Aliinama kuokota mfuniko wa sufuria, na hakuinuka. Nililia mpaka sauti ikakauka. Msibani wanawake walinishika mabega wakaniambia nishukuru, hii ni presha tu, maana mama yako lile jina aliliacha kwao siku alipoolewa. Nikashukuru. Kweli nilishukuru, jamani.

Mke wa Mjomba aliona mazishi yale, akarudi nyumbani akamwekea mumewe sharti. Walikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume, binamu yangu, kijana mkubwa wa kimo na wa sauti. Mkazamjomba alisema ama mtoto abadilishwe jina, ama yeye anarudi kwao. Mjomba alikuwa mbishi wa kupindukia, lakini kwa mtoto wake alikuwa ugali wa jana, unavunjika ukiugusa. Akakubali. Yeye mwenyewe akakataa kubadili. Alisema ukoo mzima ukikimbia lazima abaki wa kufunga mlango.

Binamu akachukua jina la kwa mama yake, na ungemwona ungesema kafunguliwa kamba. Tangu utoto hakuna aliyemwachia abebe hata kiti. Sasa alihamia upande wa pili wa mji, wasikokuwa na habari zetu, akapata kazi ya kuli kwenye ghala la saruji. Jumapili anacheza mpira mpaka filimbi ya mwisho. Akija kunitembelea ananionyesha misuli, ananiambia, "Dada, shika hapa, hili ni jiwe." Namwambia punguza sifa, wewe mtoto.

Mimi ndiye nilikuwa nachoka. Ngazi za saluni yangu zilikuwa zimeanza kunishinda, nikifika katikati nasimama, nashika ukuta, namlaumu muuza maandazi wa chini. Mjomba alikuwa ananitazama kutoka ng'ambo, brashi mkononi. Siku moja akanipigia kelele, "Mama, kaa kwanza." Ananiita mama kwa sababu nimefanana na dada yake. Nikamjibu ni unene huu, Mjomba, usinichulie. Hakucheka, na mimi sikumuuliza kwa nini hakucheka.

Halafu akaanguka yeye. Alikuwa anaandika ukutani mwa hospitali, maneno ya kuelekeza wagonjwa, na alikuwa kwenye kipandio cha tatu cha ngazi, pale pale anapokaa kupiga mluzi. Mungu si mwanadamu, kwani aliangukia kwenye nyasi, na waliomwokota walikuwa wauguzi. Walimlaza, wakamlaza tena kwenye mashine, wakampaka mafuta ya baridi kifuani na kumtazama moyo kwenye kioo. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, anayesema polepole kama anayemvisha mtoto viatu. Alimwambia nyama ya moyo wake imenenepa kuliko inavyotakiwa, kwamba si chakula wala si mawazo, ni kitu cha kurithi, na kwamba mtu anaweza kuishi nacho muda mrefu akijulikana mapema, akapewa dawa, akakatazwa mbio na mizigo. Asiyejulikana ndiye huanguka. Akamwagiza alete watu wake wa damu wapimwe, asikawie.

Nilikuwa nje kwenye benchi. Mjomba akatoka, akakaa, akaniambia, "Anataka watu wa jina langu."

Na mimi sikuona kosa katika maneno yale. Hata kidogo. Tulikaa pale tukihesabu kwa vidole, muuza majeneza naye tulikuwa tumeshamzika, na tulipomaliza tulikuwa na mtu mmoja tu, binamu, aliyekuwa wakati huo huo amebeba saruji begani.

Mkazamjomba alipoambiwa alisimama mlangoni akatanua mikono. Hakutuzuia kwa ubaya, alituzuia kwa woga. Alisema mtoto ameshatoka, wameshamsahau, sasa sisi tunakwenda kumtaja tena. "Ukimwita kwa jina lile hata mara moja," alimwambia mumewe, "umemzika kwa mkono wako." Mjomba alimshika bega akamsogeza pembeni taratibu. Ile safari hakupiga mluzi hata kidogo.

Ghalani vumbi lilikuwa limefunika kila kitu, watu weupe kama waliotoka kwenye unga. Binamu alikuwa anapanda ubao wa lori na mfuko begani, chini mwenzake anamtania. Alituona akafurahi, akashuka na mfuko wake ule ule ili tuone asivyochoka. Mjomba akamweleza yote, moyo, kurithi, dawa. Kijana akasikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akatabasamu, na tabasamu lile ndilo lililonitisha.

"Baba, pole sana," alisema. "Lakini hayo ni ya wenye jina lile. Mimi si wa jina lile."

Hakuwa anafanya mzaha. Tulimfundisha sisi wenyewe, akaamini, na sasa alikuwa anatujibu kwa somo letu. Akageuka kurudi kwenye ubao. Mjomba akafanya jambo ambalo hakuna aliyelifanya kwa miaka: akapaza sauti ghala zima, akamwita mwanawe kwa jina la ukoo wake.

Makuli vijana hawakugeuka hata kichwa. Kwao ilikuwa sauti tu. Lakini msimamizi, mzee wa mvi aliyekuwa amekaa kwenye mifuko akinywa maji, aliinuka. Kumbe naye alikulia mtaa wetu. Alimwendea binamu, akainua mikono yote miwili, akamtua mfuko begani, akauweka chini taratibu. Kisha akamwonyesha kiti cha mizani.

Binamu alilia kwa hasira. Alituambia tumemharibia kazi, tumemharibia maisha, kwamba alikuwa mtu na sasa amerudi kuwa yai. Alikubali kupimwa ili tu amwaibishe baba yake. Kule nyuma Mkazamjomba alikuwa amefunga virago. Hakwenda kwao, alikuja navyo hospitali, akakaa navyo kwenye korido akisubiri kuambiwa mtoto wake anakufa.

Siku ile ya vipimo niliamka nikamwoshea binti yangu raba zake, maana shuleni kwao ilikuwa siku ya michezo, naye alikuwa ameingizwa kwenye mbio. Nikamwambia akimbie kama anafukuzwa na mwenye nyumba. Kisha nikaenda hospitali kumsindikiza Mjomba, nimshikilie mkono akiletewa habari mbaya.

Habari zikawa nzuri. Daktari alirudi na kusema moyo wa binamu ni mzima, mwembamba panapotakiwa, hauna kitu. Alieleza kwamba ugonjwa huu haumshiki kila mtoto. Huenda ukamruka huyu ukamshika yule. Mkazamjomba hakusikia maelezo. Alipiga kigelegele mpaka muuguzi akamtoa nje, na bado tulimsikia kupitia ukuta akisema si niliwaambia, si niliwaambia, tumelitupa jina na ugonjwa umelifuata. Binamu alimkumbatia baba yake kwa mara ya kwanza tangu ghalani. Mimi nilisimama pembeni nimeshika shati la binamu, nalia na kucheka.

Daktari alitungoja tumalize. Kisha akamuuliza Mjomba nani mwingine.

Mjomba akamwambia hakuna mwingine, jina limekwisha.

"Sikuuliza jina, mzee. Nimeuliza damu. Una ndugu? Ulikuwa na dada?"

Alikuwa naye, alisema, amefariki. Daktari akauliza alifarikije. Mjomba aligeuka akanitazama. Macho yake yalikuwa yale yale ya siku ile ya ngazi za saluni, na nikaelewa kwamba alikuwa amelijua hili kwa muda, au alikuwa analiogopa, na hiyo ni sawa tu.

"Presha," nilisema mimi upesi. "Ilikuwa presha."

"Na wewe ni nani?"

"Mpwa wake. Lakini mimi ni wa jina lingine."

Nikajisikia. Neno kwa neno, kama kijana wa ghalani mwenye mfuko begani. Miaka yote nimewacheka wenye duka la dawa, nimewacheka wa gereji, nimemwonea huruma Mkazamjomba kwa ujinga wake, na nyani haoni kundule. Mama hakuacha chochote kwao siku alipoolewa. Alikuja nacho, akanipa.

Yale mafuta ni baridi kweli. Daktari alikuwa mwongeaji, alikuwa ameniuliza habari za kusuka na bei za rasta, na alipokiweka kile kifaa kifuani akanyamaza. Alikisogeza, akakirudisha palepale, akasogea karibu na kioo. Sikuhitaji kuambiwa. Nilitazama dari nikamwona Mama anainama kuokota mfuniko.

Alipomaliza alinifuta mwenyewe kwa karatasi, akanikalisha, akaniambia ninao, na kwamba nisiogope kwa kuwa sasa tunajua. Kisha akaniuliza kama nina watoto.

Sikumbuki kuvaa blauzi. Nakumbuka niko kwenye korido na simu sikioni, na Mjomba amenishika kiwiko. Shuleni alipokea mwalimu mmoja, kijana kwa sauti yake, nyuma yake kelele za watoto na ngoma. Nikamwambia mtoeni binti yangu kwenye mbio, asikimbie, msimwache akimbie. Akaniuliza jina. Nikamtajia la kwake na la baba yangu, maana nilimzaa nyumbani na jina la baba yangu ndilo nililompa, lile jina la kawaida nililojivunia maisha yangu yote.

"Wa jina hilo tunao wengi, mama," alisema. "Hata hapa uwanjani wapo kadhaa. Huyu wako ni yupi?"

Nikaanza kumweleza, mwembamba, ana nywele za mistari, nimemsuka mwenyewe, raba nyeupe. Nikasikia filimbi, na uwanja mzima ukalipuka kwa kelele, na mwalimu akasema ngoja kidogo mama sikusikii.

Binti yangu alirudi nyumbani kwa miguu yake, na utepe wa mshindi wa pili kifuani, amenuna kwa sababu aliyemshinda alianza kabla ya filimbi. Nilimvuta nikamweka kiganja pale kwenye utepe. Moyo ulikuwa bado unadunda kwa fujo, na hakuna mkono duniani unaoweza kujua kama ni mbio tu au ni kile kitu. Zamu yake kwa daktari ni wiki ijayo. Mjomba alikuwa amekaa mlangoni na kopo la rangi ya manjano, ameleta ili tuanze kuandika mitaani kwamba wenye damu ile wakapimwe, na alikuwa amekwama hajui aandike jina gani, kwa sababu sasa ni majina ya waume wa kila dada na kila shangazi aliyewahi kutoka nyumba ile, na hayo ni karibu majina yote ya mji.

Binti yangu alimtazama babu yake, akanitazama mimi. Watoto husikia mengi saluni.

"Mama, kwani na sisi ni wa wale wanaoanguka?"

Nikamwambia ndiyo. Akauliza wanaitwaje. Nikalitaja jina, zima, mara ya kwanza ndani ya nyumba ile, na nikamwambia alirudie mpaka alikariri.